Dola 350

Tarehe 19 Machi 1987 serikali ya Marekani iliruhusu kuuzwa kwa dawa ya kwanza ya kupambana na virusi vya UKIMWI. Dawa hiyo ni zidovudini, ingawa wengi waliijua kwa herufi tatu tu, AZT. Kampuni iliyoimiliki, Burroughs Wellcome, iliipangia bei ya kati ya dola 8,000 na 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Wakati ule ilitajwa kuwa miongoni mwa dawa ghali kuliko zote zilizowahi kuingia sokoni.

Dawa yenyewe haikuzaliwa katika maabara za kampuni hiyo. Aliyeiunda ni Jerome Horwitz, mkemia wa Detroit, mwaka 1964, akilipwa kwa fedha za umma za Marekani, na alichokuwa akikitafuta ni tiba ya saratani. Haikufaa kwa saratani, akaiweka kando wala hakuiombea hataza. Miaka 20 ikapita. Ndipo Samuel Broder, Hiroaki Mitsuya na wenzao katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani wakashirikiana na Burroughs Wellcome kuijaribu dhidi ya virusi vipya, wakaona vinazuilika. Kampuni ikachukua hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwa mtengenezaji na muuzaji pekee kwa miaka maalumu, na kwa haki hiyo ikapanga bei itakayo.

Hapo ndipo historia ya biashara hii inapoanzia, na tangu siku hiyo ya kwanza jambo moja lilikuwa wazi kwa waliotaka kuliona. Bei ya kidonge cha VVU haikutokana na gharama ya kukitengeneza. Ilitokana na swali la nani anaruhusiwa kukitengeneza, na baadaye, kama tutakavyoona, swali la nani amejifunga kukinunua.

Wagonjwa wa New York walikuwa wa kwanza kulielewa hilo. Septemba 1989 wanaharakati saba, akiwamo Peter Staley aliyewahi kufanya kazi ya kuuza hatifungani Wall Street, waliingia katika Soko la Hisa la New York wakijifanya wafanyabiashara, wakajifunga kwa minyororo kwenye kibaraza cha juu na kutandaza bango la kuwataka watu wauze hisa za Wellcome. Siku chache baadaye kampuni ilipunguza bei kwa asilimia 20. Fundisho likabaki: bei iliyosemwa kuwa haiwezi kushuka ilishuka ndani ya wiki moja, bila kiwanda chochote kubadili hata chombo kimoja.

Lakini AZT peke yake ilichelewesha kifo tu. Mapinduzi yalikuja mwaka 1996, ilipothibitishwa katika mkutano wa UKIMWI wa Vancouver kwamba dawa tatu zikitumiwa pamoja virusi hufubazwa hadi visionekane katika vipimo. Watu waliokuwa wameaga jamaa zao wakainuka na kurudi kazini. Katika nchi tajiri vifo vilipungua kwa kasi ambayo madaktari hawakuwahi kuishuhudia. Gharama ya mseto huo ilikuwa kati ya dola 10,000 na 15,000 kwa mwaka.

Mwaka 2000 pato la wastani la Mkenya halikufika dola 500 kwa mwaka. Afrika kusini mwa Sahara ilikadiriwa kuwa na watu zaidi ya milioni 25 wenye VVU. Mtu aliyetaka matibabu Nairobi, Kampala au Dar es Salaam aliuza kwanza ng'ombe, kisha shamba, kisha kiwanja, akapata dozi ya miezi kadhaa, fedha zikaisha, dawa zikakatika. Dawa ikikatika virusi huamka, na mara nyingi huamka vikiwa vimeshajifunza kuishinda dawa ileile. Edwin Cameron, jaji wa Afrika Kusini, alisimama Durban Julai 2000 katika mkutano wa kimataifa wa UKIMWI na kusema hadharani kwamba yeye anaishi na VVU, na kwamba yu hai kwa sababu mshahara wake unamwezesha kununua uhai ambao mamilioni ya Waafrika wenzake hawaumudu.

Kampuni kubwa zilijua kwamba jambo hilo linazitia doa. Mei 2000 tano kati yazo zilikubaliana na mashirika ya Umoja wa Mataifa kupunguza bei kwa nchi maskini, kila nchi ikijadiliana peke yake na masharti yakiwa siri. Hadi mwaka unakwisha, Senegali, Uganda na Rwanda ndizo zilizokuwa zimefikia makubaliano. Bei ilipungua, lakini bado mkulima wa Masaka au Butare hakuifikia hata kwa kuota.

Aliyeivunja bei alikuwa Bombay, na kilichomwezesha ni sheria.

Mwaka 1970 Bunge la India lilipitisha sheria ya hataza iliyoweka tofauti ndogo yenye matokeo makubwa. Katika dawa, mtu aliweza kupata hataza ya njia ya kutengeneza, si ya dawa yenyewe. Ukiweza kufika kwenye molekuli ileile kwa njia nyingine ya kikemia, ni halali yako kuiuza. Kwa miaka 30 wakemia wa India walijifunza sanaa hiyo ya kutafuta njia nyingine, na viwanda vikachipua Bombay na Hyderabad. Mojawapo ni Cipla, iliyoanzishwa mwaka 1935 na Khwaja Abdul Hamied. Mwanawe, Yusuf Hamied, alisoma kemia Cambridge kabla ya kurithi uongozi wa kampuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Cipla ilitengeneza AZT kwa sehemu ndogo ya bei ya Wellcome, na biashara ikashindikana, kwa kuwa hata bei hiyo haikulipika kwa Mhindi wa kawaida na serikali haikuinunua. Nalitaja hili kwa sababu husahaulika: urahisi wa bei peke yake haujawahi kutosha.

Septemba 2000 Hamied alipewa dakika chache za kuzungumza Brussels, katika kikao cha Tume ya Ulaya. Akatoa ahadi tatu mbele ya mawaziri na wakuu wa kampuni: atauza mseto wa dawa tatu kwa dola 800 kwa mwaka, atazifundisha bure serikali zinazotaka kutengeneza zenyewe, na atatoa bure nevirapini ya kuzuia mama asimwambukize mtoto. Hakuna serikali iliyomfuata kuchukua ahadi hizo.

Miezi michache baadaye wanaharakati wa dawa, akiwamo Mmarekani James Love ambaye kwa muda mrefu alikuwa akiuliza watu swali moja tu, kwamba kukitengeneza kidonge hiki kunagharimu kiasi gani hasa, walimwomba Hamied ashuke zaidi. Akapiga hesabu. Mwanzoni mwa Februari 2001 akatangaza bei: dola 350 kwa mwaka kwa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, na dola 600 kwa serikali. Tarehe 7 Februari gazeti la New York Times liliiweka habari hiyo mbele ya dunia. Uhai wa mtu mmoja ulikuwa sasa unauzwa kwa chini ya dola moja kwa siku.

Na hazikuwa dawa tatu katika chupa tatu. Cipla iliunganisha stavudini, lamivudini na nevirapini katika kidonge kimoja, Triomune, kinachomezwa asubuhi na jioni. Katika nchi tajiri kidonge kama hicho hakikuwezekana, kwa kuwa kila moja ya dawa hizo ilikuwa mali ya kampuni tofauti, na kampuni hizo hazikuwa na sababu ya kuchanganya mali zao. India haikuwa na ukuta huo. Kwa hiyo mgonjwa wa Malawi alikuja kupata tiba rahisi kumeza kuliko ile ya mgonjwa wa London.

Mlango ulipofunguka wengine wakaingia mbio. Hetero ya Hyderabad ilikuja Machi na bei ya chini kidogo kuliko ya Cipla. Kampuni kubwa ya Merck ikashusha dawa yake ya indinaviri hadi dola 600 kwa mwaka. Bristol-Myers Squibb, iliyouza stavudini kwa leseni ya Chuo Kikuu cha Yale, ilisukumwa na wanafunzi wa chuo hicho pamoja na William Prusoff mwenyewe, mmoja wa wavumbuzi wa dawa hiyo, hadi ikatangaza kwamba haitadai hataza yake Afrika Kusini. Ushindani ulifanya katika wiki sita kile ambacho mazungumzo ya hisani hayakukifanya kwa mwaka mzima.

Ilibaki ruhusa ya kuziingiza. Pretoria, kampuni 39 za dawa zilikuwa zimeishtaki serikali ya Afrika Kusini kwa sababu ya sheria aliyoitia saini Nelson Mandela mwaka 1997, iliyofungua njia ya kuagiza dawa kutoka popote zinapopatikana kwa bei nafuu. Jina la Mandela lilikuwa la kwanza katika orodha ya washtakiwa. Kesi ilipoanza kusikilizwa Machi 2001, Jaji Bernard Ngoepe aliwaruhusu wanaharakati wa TAC, chama kilichoanzishwa na Zackie Achmat na wenzake mwaka 1998, watoe ushahidi kama marafiki wa mahakama. Sasa kampuni zingelazimika kueleza mahakamani gharama zao halisi. Tarehe 19 Aprili zikaiondoa kesi.

Kampala, Profesa Peter Mugyenyi wa kituo cha utafiti cha JCRC hakusubiri Pretoria. Aliagiza dawa za Cipla, na mzigo uliposhikwa Entebbe kwa hoja ya hataza, aliusimamia mwenyewe hadi ukaachiliwa. Nairobi, Padri Angelo D'Agostino, aliyelea watoto yatima wenye VVU katika makao ya Nyumbani, alitangaza kwamba ataleta dawa za India kwa ajili ya watoto wake, sheria ipende isipende. Mwezi Juni mwaka huohuo Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Mali ya Viwanda, iliyohalalisha uagizaji wa namna hiyo. Mapambano hayakuishia hapo. Mwaka 2008 Kenya ilitunga sheria ya bidhaa bandia iliyoandikwa kwa upana kiasi kwamba hata dawa halali ya jenereki, ile inayotengenezwa na asiye mvumbuzi, ingeweza kukamatwa bandarini kama bandia. Wakenya watatu wanaoishi na VVU walikwenda mahakamani, na Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba haki ya uhai inatangulia haki ya mali ya ubunifu. Kwa maoni yangu hukumu ile inastahili kujulikana Afrika Mashariki kama inavyojulikana kesi ya Pretoria.

Novemba 2001 mawaziri wa biashara walikutana Doha na kukiri kwa maandishi kwamba mkataba wa kimataifa wa hataza usiizuie nchi yoyote kulinda afya ya watu wake. Sasa kulikuwa na dawa, kulikuwa na bei, kulikuwa na ruhusa. Mnunuzi ndiye aliyekosekana, kwani hata dola 350 zilizidi bajeti yote ya afya kwa kila raia katika nchi nyingi za Afrika mara kadhaa.

Kulikuwa pia na dharau. Juni 2001 Andrew Natsios, mkuu wa shirika la misaada la Marekani, alidai kwamba Waafrika wengi hawana saa wala hawajui kufuata saa, kwa hiyo dawa za kumezwa kwa wakati haziwafai. Miaka mitano baadaye watafiti walikusanya takwimu za pande zote mbili na kukuta Waafrika wanafuata dozi zao vizuri kuliko wagonjwa wa Amerika Kaskazini. Lakini miaka mitano ni mingi, na waliokufa wakati huo hawakusubiri takwimu.

Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria ulianza kazi mwaka 2002. Januari 2003 George W. Bush, katika hotuba yake ya mwaka mbele ya Bunge la Marekani, aliomba dola bilioni 15 za kupambana na UKIMWI kwa miaka mitano, akataja kwamba gharama ya matibabu imeshuka kutoka dola 12,000 hadi chini ya 300. Peter Mugyenyi alikuwa ukumbini usiku ule kama mgeni wa Ikulu. Hesabu aliyoisoma Rais ilikuwa hesabu ya Cipla, ingawa jina la Cipla halikutajwa, na mwanzoni fedha za mpango huo, PEPFAR, zilinunua dawa zenye majina ya kampuni kubwa. Kuanzia mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani ilifungua njia ya kuzikagua na kuzipitisha dawa za jenereki kwa matumizi ya mpango huo, na polepole dawa hizo zikachukua karibu nafasi yote.

Hapa ndipo soko la maskini lilipojengwa kweli, na lilijengwa kwa ufundi wa kununua. Oktoba 2003 wakfu wa Bill Clinton uliketi na watengenezaji na kuwauliza: mkihakikishiwa kiasi gani mtashuka hadi wapi? Sehemu kubwa ya gharama ya kidonge ni malighafi ya kikemia, na malighafi hushuka bei kiwanda kinapojua kwamba kitaendesha mtambo mwaka mzima bila kusimama. Nchi zikajumlisha mahitaji yao, kama wanakijiji wanaochanga ili wanunue gunia badala ya kila mmoja kununua kibaba. Bei ikashuka hadi chini ya dola 140. Tanzania ikaanza kutoa dawa za VVU bure Oktoba 2004, Kenya ikafuta ada katika hospitali za serikali mwaka 2006. Mtu wa Makete au Siaya hakujua habari za malighafi wala zabuni. Alichojua ni kwamba kliniki ina dawa na hatozwi.

Urahisi ule ulikuwa na gharama yake. Stavudini, nguzo ya kidonge cha bei nafuu, iliunguza mishipa ya fahamu ya miguu na kuondoa mafuta usoni, hata mtu akatambulika mtaani kwa mashavu yaliyobonyea. Nchi tajiri ziliiacha mapema. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipendekeza iachwe mwaka 2009, na sababu ya kuchelewa ilikuwa bei ya tenofoviri, dawa bora zaidi iliyotokana na kazi ya Antonín Holý wa Prague na kumilikiwa na Gilead ya California. Watoto walisubiri zaidi. Kwa kuwa wao ni wachache, na nchi tajiri karibu hazina watoto wanaozaliwa na VVU, hakuna aliyeona faida ya kuwatengenezea. Kwa miaka mingi walipewa sharubati chungu yenye kilevi ndani yake na iliyohitaji jokofu, katika nyumba zisizo na umeme. Kidonge chao cha dolutegraviri chenye ladha ya matunda, kinachoyeyuka katika maji, kilipatiwa bei nafuu mwishoni mwa mwaka 2020.

Huku nyuma, India ilikuwa imebadilika. Kuanzia Januari 2005 ililazimika kutoa hataza kwa dawa zenyewe, kama mkataba wa biashara ya dunia ulivyodai. Njia ya mwaka 1970 ilifungwa kwa dawa mpya, na badala yake ikaja leseni: mwenye hataza anaviruhusu viwanda vya jenereki vitengeneze, vinamlipa mrabaha mdogo, navyo vinauza katika nchi zilizotajwa tu. Mwaka 2010 ulianzishwa Mfuko wa Pamoja wa Hataza za Dawa kusimamia mambo hayo. Gilead ilijiunga mwaka 2011. ViiV, kampuni ya VVU iliyoundwa na GlaxoSmithKline na Pfizer, iliitolea leseni dolutegraviri mwaka 2014, mwaka mmoja tu baada ya dawa hiyo kuingia soko la Marekani.

Dolutegraviri ilibadili hesabu kwa sababu ya udogo wake. Efavirensi iliyotumika kabla yake ilihitaji miligramu 600 kwa siku, dolutegraviri inahitaji 50. Malighafi kidogo, gharama kidogo. Septemba 2017 ilitangazwa kwamba kidonge kimoja cha siku chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, kile ambacho wagonjwa na wahudumu wanakiita TLD, kitauzwa kwa dola 75 kwa mwaka. Mwaka huohuo Kenya ilikuwa ya kwanza Afrika kuanza kutumia dolutegraviri ya jenereki. Baadaye chupa ya vidonge 30 ikageuka ya 90, gharama ya plastiki, karatasi na usafiri ikapungua, na mama wa Ifakara akaacha kupanda basi kila mwezi. Agosti 2023 Mfuko wa Dunia ulitangaza bei ya chini ya dola 45.

Tupige hesabu rahisi. Mwishoni mwa mwaka 2024 watu milioni 31.6 duniani walikuwa wakitumia dawa. Kama wote wangetumia TLD kwa dola 45, biashara yote ingekuwa ya dola bilioni 1.4 hivi. Mwaka huohuo Gilead peke yake iliuza dawa za VVU za dola bilioni 19.6, na kidonge chake kimoja, Biktarvy, kiliingiza bilioni 13.4, sehemu kubwa kutoka Marekani. Kwa hiyo hakuna soko moja la dawa za VVU. Kuna soko la wagonjwa wachache linalobeba karibu fedha zote, na soko la wagonjwa wengi linalobeba karibu vidonge vyote. Oktoba 2025 Gilead ilimaliza kesi ya hataza na watengenezaji wa jenereki Lupin, Laurus na Cipla kwa makubaliano kwamba Biktarvy ya jenereki isiuzwe Marekani kabla ya Aprili 2036. Cipla ile iliyovunja bei ya Afrika imekubali kusubiri mlangoni mwa Marekani, na kibiashara si ajabu: huko ndiko kwenye faida, na mwenye kiwanda hujua kusubiri.

Soko la wengi lina hatari za namna yake. Faida kwa kila chupa ni nyembamba sana, kiasi kwamba kiwanda kisichopata zabuni kubwa hukosa sababu ya kubaki. Watengenezaji wanaobeba mzigo wote wanahesabika kwa vidole, karibu wote wako India, na sehemu ya kemikali zao hutoka China. Mwaka 2020, korona ilipofunga viwanda na bandari, nchi zetu ziliona jinsi njia hiyo ilivyo nyembamba.

Majaribio ya kutengeneza hapa kwetu si mapya. Krisana Kraisintu, mfamasia wa Thailand aliyetengeneza AZT ya jenereki kwa nchi yake, aliacha kazi serikalini akaja Afrika. Mwaka 2005 kiwanda cha Pharmakina mjini Bukavu, kilichozoea kutoa kwinini, kikaanza kutoa Afrivir kwa msaada wake, katikati ya mkoa uliokuwa bado na vita. Uganda, Quality Chemicals ilishirikiana na Cipla kujenga kiwanda Luzira kilichofunguliwa mwaka 2007. Kilitengeneza dawa zilizokubalika na WHO, kikauza hisa zake kwa umma mwaka 2018, lakini kikajifunza kwa uchungu maana ya mteja wa serikali asiyelipa kwa wakati, pale deni la Zambia lilipokaa muda mrefu vitabuni. Cipla iliuza sehemu yake mwaka 2023.

Mwaka huohuo Universal Corporation, kiwanda kilichoko Kikuyu nje ya Nairobi, kilikuwa cha kwanza Afrika kuthibitishwa na WHO kutengeneza TLD. Uthibitisho huo huchukua miaka ya ukaguzi na fedha nyingi, na haumhakikishii mtu hata oda moja. Gharama za kiwanda hicho haziwezi kulingana na za Hyderabad, kwa kuwa malighafi inabidi isafiri kutoka huko huko, umeme ni ghali, na mtambo haufanyi kazi kwa ukubwa uleule. Anayenunua kwa kutazama senti ya mwisho tu hatanunua Kikuyu. Naamini tofauti hiyo ndogo inafaa kulipwa, na mwaka 2025 ulinipa sababu zaidi ya kuamini hivyo.

Januari 20 mwaka huo serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Ruhusa ya kuendelea na huduma za kuokoa maisha ilitolewa siku chache baadaye, lakini wahudumu walikuwa wameshapewa barua, kliniki zimefungwa, na nchini Kenya shehena za dawa zikakaa ghalani huku waliopaswa kuzisambaza wakingoja idhini. Vidonge vilikuwepo, bei ilikuwa ndogo kuliko wakati wowote, na bado watu walirudi nyumbani na dozi pungufu. Mnunuzi aliyejenga soko hili alikuwa ametikisika. Bajeti ya Tanzania ya 2025/26 ikapendekeza tozo mpya katika bidhaa kadhaa ili sehemu ya mapato iende kwenye mfuko wa UKIMWI. Novemba, Mfuko wa Dunia uliokuwa ukitafuta dola bilioni 18 uliahidiwa bilioni 11.34.

Na katikati ya mtikisiko huo imekuja dawa ambayo watafiti waliingoja kwa miaka 40. Lenakapaviri, sindano ya Gilead inayochomwa mara mbili kwa mwaka, ilijaribiwa kwa wasichana na wanawake wa Uganda na Afrika Kusini. Kati ya 2,134 walioipata hakuna hata mmoja aliyeambukizwa VVU. Juni 2025 iliruhusiwa Marekani kama kinga, kwa bei ya dola 28,218 kwa mwaka. Viwanda sita vya jenereki vimepewa leseni ya kuuza katika nchi 120, huku Brazili, Argentina, Meksiko na Peru, ambazo watu wao walijitolea katika majaribio mengine ya dawa hiyo, zikiachwa nje. Septemba 2025 viwili kati ya viwanda hivyo, Dr. Reddy's na Hetero, viliahidi kuiuza kwa dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027, nyuma yao wakiwamo shirika la Unitaid na wakfu wa Gates waliokubali kubeba sehemu ya hatari. Safari iliyowachukua wagonjwa wa AZT miaka 14, kutoka bei ya New York hadi dola 350, safari hii imepangwa ichukue miaka miwili. Kinachobaki ni oda: serikali ngapi zitaandika kiasi gani, kwa fedha za nani, kabla ya mitambo kuwashwa.

Kuhusu Kikuyu, Mei 2025 Mfuko wa Dunia ulinunua TLD ya kiwanda hicho na kuipeleka Msumbiji. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mfuko huo kununua dawa ya aina hiyo iliyotengenezwa Afrika, na mzigo wenyewe unatosha watu 72,000 kwa mwaka. Kenya yenyewe ina watu karibu milioni 1.3 wanaomeza dawa kila siku, na dawa zao nyingi bado zinaagizwa kutoka India.